Jinsi ya Kuihoji Nambari Kubwa: Tuanze na 926,976

Katika ripoti, mapendekezo ya miradi na hotuba za Lodwar kuna nambari inayorudiwa mara kwa mara: 926,976. Ndiyo idadi ya watu wa Kaunti ya Turkana kwa mujibu wa sensa ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, iliyofanywa na Shirika la Takwimu la Taifa la Kenya (KNBS). Watu huinukuu, au huikuza ikawa "karibu milioni moja", halafu wakaendelea na mengine. Nakuomba usimame nayo kidogo. Ukiwa na penseli, karatasi na kivuli cha kukaa, unaweza kuijua nambari hii kuliko wengi wanaoitaja, na mbinu utakazojifunza zitakufaa dukani Kakuma, darasani Lodwar, na popote mtu atakapokuwekea nambari ndefu mbele yako akitaka uikubali hivyo hivyo. Kikokotoo kiweke kando. Kujumlisha, kutoa na kugawanya kunatosha.

Kwanza hakikisha ndiyo yenyewe

Turkana ilihesabiwa katika kaunti ndogo saba. Turkana Magharibi, iliko Kakuma, ilipata watu 239,627. Turkana ya Kati, iliko Lodwar, 185,305. Turkana Kusini 153,736, Turkana Mashariki 138,526, Loima 107,795, Turkana Kaskazini 65,218, na Kibish 36,769. Zipange kwa safu na uzijumlishe. Sasa utajuaje kwamba hukukosea njiani?

Tumia jaribio la tisa. Chukua kila nambari, jumlisha tarakimu zake, na jibu likiwa na tarakimu zaidi ya moja lijumlishe tena mpaka ibaki moja. Kwa Turkana Magharibi: 2 + 3 + 9 + 6 + 2 + 7 ni 29, 2 + 9 ni 11, 1 + 1 ni 2. Ukizifanyia hivyo zote saba kwa mpangilio nilioutaja utapata 2, 4, 7, 7, 2, 4 na 4. Jumla yake ni 30, yaani 3. Geukia 926,976: tarakimu zake zinafika 39, kisha 12, kisha 3. Tatu kwa tatu. Jumla imepita jaribio.

Siri yake haina uchawi. 10 ni 9 na moja zaidi, 100 ni 99 na moja zaidi, 1,000 ni 999 na moja zaidi. Kwa hiyo kila tarakimu, iwe sehemu ya mamia au ya maelfu, ukiigawanya kwa 9 inaacha baki lile lile ambalo ingeacha ikiwa peke yake. Kujumlisha tarakimu ni njia fupi ya kupata baki la kugawanya kwa 9, na mabaki hujumlishwa kama nambari zenyewe zinavyojumlishwa.

Jaribio hili lina udhaifu mmoja mkubwa, na usipoujua utadanganyika. Mpiga chapa akiandika 962,976 badala ya 926,976, tarakimu ni zile zile, kwa hiyo jibu bado ni 3. Watu elfu thelathini na sita wameongezeka na jaribio halikuona kitu. Hapo ndipo unapohitaji jaribio la kumi na moja.

Anzia tarakimu ya kulia kabisa, toa inayofuata, ongeza ya tatu, toa ya nne, hivyo hivyo hadi mwisho. Jibu likiwa chini ya sifuri, ongeza 11. Kwa 926,976: 6 − 7 + 9 − 6 + 2 − 9 ni −5, na ukiongeza 11 unapata 6. Kwa ile iliyopinduliwa, 962,976, unapata 3. Kosa limenaswa.

Lijaribu kwenye mgawanyo wa jinsia. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza Kenya kuwahesabu huntha, watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia zote mbili. Turkana ilikuwa na wanaume 478,087, wanawake 448,868 na huntha 21. Kwa jaribio la kumi na moja, wanaume wanaacha 5, wanawake 2, na ile 21 inaacha 10. Jumla 17, toa 11, inabaki 6, sawa na ya 926,976. Mtu akijumlisha wanaume na wanawake peke yao atapata 926,955, na majaribio yote mawili yatamkataza. Hao 21 ni sehemu ya nambari. Ripoti inayowaacha haijumliki.

Dukani Kakuma

Hapa nataka tukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo hesabu ya mabaki inapookoa pesa za mtu. Una duka, una daftari la mauzo na madeni, na jioni unafunga hesabu. Mistari minne inasema 3,480, 12,750, 6,915 na 980. Umeandika jumla 24,125. Mabaki ya tisa ni 6, 6, 3 na 8, jumla 23, yaani 5. Jumla uliyoandika: 2 + 4 + 1 + 2 + 5 ni 14, yaani 5. Endelea na kazi.

Siku nyingine daftari linadai shilingi 270 zaidi ya pesa zilizomo. Kabla ya kumshuku kijana wa dukani, gawanya tofauti hiyo kwa 9. Inagawanyika kamili: 30. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni alama ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, na jibu la mgawanyo linakuelekeza pa kutafuta. Ile 3 inasema tarakimu hizo mbili zinapishana kwa tatu. Ile sifuri moja inasema ziko sehemu ya makumi na ya mamia. Kwa hiyo pitia daftari ukitafuta mstari ambao 8 na 5, au 7 na 4, au nyingine zinazopishana kwa tatu zimekaa katika nafasi hizo. Utakuta mahali palipoandikwa 1,850 ilhali mteja alilipa 1,580. Tofauti ingekuwa 27, bila sifuri, ungetafuta kwenye mamoja na makumi. Ingekuwa 2,700, kwenye mamia na maelfu.

Tofauti isipogawanyika kwa 9, kosa si la kupindua tarakimu. Igawe kwa 2. Ikiwa tofauti ni 1,400, tafuta mstari wa 700 ulioandikwa upande usio wake, labda deni lililolipwa likaandikwa kama deni jipya. Na ikiwa tofauti yenyewe iko daftarini kama ilivyo, basi mstari huo umeandikwa mara mbili au umeachwa upande mmoja. Majaribio haya hayamkamati mwizi. Yanakuondolea tu makosa ya mkono, ili ukimuuliza mtu uwe na haki ya kuuliza.

Ivunje nambari

Kila nambari nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ama inavunjika kuwa zao la nambari tasa, na kwa kila nambari mvunjiko huo ni mmoja tu. Ukishaupata, umeshaijua nambari yenyewe.

926,976 ni shufwa, basi anza kuikata nusu: 463,488, 231,744, 115,872, 57,936, 28,968, 14,484, 7,242, 3,621. Umekata mara nane ndipo ukafika kwenye witiri. Si jambo la kila siku: katika kila nambari 256 zinazofuatana, moja tu hugawanyika kwa 256. Sasa 3,621: tarakimu zake zinafika 12, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, na inabaki 1,207.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia ya mkato, kwa kuwa 7 × 11 × 13 ni 1,001. Gawa nambari yako katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kuongeza kwa zamu: 976 − 926 ni 50. Hiyo 50 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13. Basi 926,976 nayo haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo. Majaribio matatu kwa mstari mmoja. Inayofuata ni 17, na 1,207 ni 17 × 71. Je, 71 inavunjika zaidi? Inatosha kujaribu nambari tasa ambazo mraba wake hauzidi 71, yaani 2, 3, 5 na 7, na hakuna inayofaulu. Tumefika:

926,976 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 17 × 71

Kutoka hapa unasoma mengi bila kugawanya tena. Kigawanyo chochote cha nambari hii kimeundwa kwa kuchagua mbili ngapi utachukua, kuanzia sifuri hadi nane, ambazo ni chaguo tisa. Kisha kuchukua 3 au kuiacha, 17 au kuiacha, 71 au kuiacha. 9 × 2 × 2 × 2 ni 72. Kwa hiyo kuna njia 72 za kuwagawa watu wa Turkana wa 2019 katika makundi sawa bila mtu kubaki nje. Ukitaka kuwapanga kwa safu katika umbo lililo karibu kabisa na mraba, ziwe safu 852 za watu 1,088. Mraba kamili hautapata, kwa kuwa 3, 17 na 71 hazina wenzao wa kuunda jozi. Na ukitaka kuwagawa sawasawa kwa kaunti ndogo saba, kila moja itapata 132,425 na atabaki mtu mmoja.

Mwalimu akisoma hapa asidhani kila nambari ni laini kama hii. Idadi ya Turkana ya Kati, 185,305, inaishia na 5, basi inakatika mara moja: 5 × 37,061. Halafu inagoma. Ili kuhakikisha kwamba 37,061 ni tasa ilibidi niijaribu kwa kila nambari tasa hadi 191, kwa kuwa mraba wa 193 tayari umeizidi. Ni nambari tasa 43, na zote zinaacha baki. 37,061 ni tasa. Turkana Magharibi ni 29 × 8,263, na 8,263 ni tasa vilevile. Kibish, ndogo kuliko zote, ina ukaidi wake: 36,769 inakataa kila kitu hadi ufike 83, ndipo inafunguka, 83 × 443. Mwanafunzi aliyekata tamaa kwenye 79 ataandika "tasa" na atakuwa amekosea kwa hatua moja tu. Sheria ni kuendelea hadi kipeuo cha pili cha nambari, ambacho hapa ni karibu 192, bila kubahatisha.

Orodha ya nambari tasa usiikariri; itengeneze. Andika nambari kutoka 2 hadi 200, bakisha 2 ukafute vigawe vyake vyote, bakisha 3 ukafanye hivyo, kisha 5, 7, 11 na 13. Zilizosalia ni tasa. Mchujo huu unahusishwa na Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, katika Libya ya leo. Na karibu na kwetu zaidi, huko Ishango kando ya Ziwa Edward mashariki mwa Kongo, Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 20,000, na safu yake moja ina mafungu ya chanjo 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo nambari tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Mfupa peke yake hauthibitishi kwamba aliyeuchanja alijua nambari tasa, na sitakwambia alijua. Lakini mwonyeshe mtoto mfupa huo kabla ya kumwambia kwamba hesabu ni mambo ya kigeni.

Ugumu ulioonja kwenye Kibish una kazi kubwa duniani. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walijenga mbinu ya kuficha ujumbe juu ya jambo hilo hilo: kuzidisha nambari tasa mbili ni rahisi, kuzirudisha kutoka kwenye zao lao ni kazi nzito. Nambari ya tarakimu 250 ya aina hiyo ilivunjwa Februari 2020, tena kwa kompyuta nyingi. Zinazotumika kulinda mawasiliano ya intaneti mara nyingi zina tarakimu zaidi ya 600.

Nambari iliyohesabiwa na nambari iliyokadiriwa

Septemba 2013 Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kwamba chini ya ardhi ya Turkana, katika mabonde ya Lotikipi na Lodwar, kuna hifadhi ya maji ya takriban mita za ujazo bilioni 250. Iandike yote: 250,000,000,000. Sasa ivunje. Utapata 2 mara kumi na 5 mara kumi na mbili, basi. Hakuna 3, hakuna 17, hakuna 71. Nambari kubwa inayovunjika kwa 2 na 5 peke yake karibu kila mara imepita mikononi mwa mtu aliyekadiria akazungusha, na tarakimu za kutegemea ni zile mbili tatu za mwanzo, tena kwa tahadhari. Kukadiria si dhambi. Kosa ni kuichukua nambari hiyo na kugawa lita kwa kila mkazi kana kwamba mtu alipima ndoo kwa ndoo. Majaribio ya visima yaliyofuata huko Lotikipi yalikuta maji yenye chumvi nyingi, jambo ambalo sifuri zote zile hazingeweza kukuambia.

Wala usigeuze upande wa pili ukadhani nambari yenye tarakimu za ovyo ovyo lazima iwe ya kweli. Turkana inalijua hili kwa uchungu. Sensa ya 1999 ilitoa watu 450,860; ya 2009 ikatoa 855,399, ongezeko la karibu asilimia 90 kwa miaka kumi. Agosti 2010 Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alipotangaza matokeo alikataa yale ya wilaya nane, na tatu kati yake zilikuwa Turkana ya Kati, Turkana Kaskazini na Turkana Kusini. Hata hivyo 855,399 ndiyo iliyobaki katika vitabu. Kutoka hapo hadi 2019 ongezeko ni 71,577 tu, kiasi cha asilimia 8. Weka maongezeko hayo mawili kando kwa kando na utaona kwamba hayawezi kuwa yametoka kwa njia moja ya kuhesabu. Na hili si suala la vitabu peke yake: katika kanuni ya kwanza ya kugawia kaunti fedha, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 45.

Penseli yako inaweza kukuambia kama nambari inajumlika. Haiwezi kukuambia kama karani wa sensa alifika kwenye kila kraali, au kama wafugaji waliovuka na mifugo walikutwa. Maswali hayo muulize mtu, si tarakimu.

Tarakimu ya ulinzi

Jambo la mwisho la kutumia leo. Ukinunua simu ya mkono wa pili sokoni, bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya tarakimu 15, na ile ya mwisho kulia imekokotolewa kutokana na 14 zilizotangulia, kwa mbinu ya Hans Peter Luhn wa IBM aliyeibuni miaka ya 1950. Ijaribu kwa nambari yetu. Kuanzia kulia, zidisha kwa 2 tarakimu ya kwanza, ruka ya pili, zidisha ya tatu, hivyo hivyo. Jibu likipita 9, jumlisha tarakimu zake. 926,976 inatoa 3 + 7 + 9 + 6 + 4 + 9, jumla 38. Kinachohitajika kufikia 40 ni 2, basi tarakimu ya ulinzi ni 2 na nambari kamili ni 9269762. Ile iliyopinduliwa, 962,976, inatoa 33, na tarakimu yake ni 7. Kwa simu, jumlisha tarakimu zote 15, ukianza kuzidisha na ya pili kutoka kulia. Jumla isipoishia na sifuri, ama umenakili vibaya ama nambari imechezewa. Ikiishia na sifuri, bado dai risiti, kwa sababu simu ya wizi nayo ina nambari sahihi.

Walimu wa Lodwar na Kakuma, wapeni watoto nambari za kwao badala ya zile za kitabuni. Nimewaachia Turkana Kusini, 153,736. Waanze kwa kukata nusu, kisha wafanye jaribio la kumi na moja. Jibu ni 2 × 2 × 2 × 11 × 1,747.